Kitako Huandikwa Mwisho

Kabla hajakuuliza jina, alikuwa ameshakutazama meno. Wala hakufanya siri. Alikusubiri ucheke, usipocheka alikuchekesha, kisha aliinamisha kichwa kidogo kama mtu anayesoma saa ya ukutani, na akishamaliza kusoma ndipo alipoitikia salamu yako.

Siku ya kwanza nilipoteremka kwake nilikuwa na miaka ishirini na mbili na bakuli la biriani mkononi, limetumwa na mama. Nilisema, "Masalkheri, Bibi," sikusema zaidi. Akanitazama mdomoni, akasema, "Wewe wasaga meno usingizini. Una wasiwasi gani, mtoto wa watu?"

Nikamwambia sina wasiwasi wowote. Nikapanda ngazi hadi kwetu ghorofa ya pili, kisha nikateremka tena kuhakikisha kwamba mlango wake nimeufunga. Nilikuta sijaufunga. Alikuwa amekaa palepale, anakula biriani, macho mlangoni.

"Nilijua utarudi," akasema.

Jengo letu liko Darsait, hapa Maskati. Yeye alikaa chini kabisa, vyumba viwili, kati ya duka la fundi cherehani na duka la taa. Chumba kimoja alilala, cha pili alikipa tanuri, na tanuri ndilo lililopata chumba kikubwa. Jengo zima tulimwita Bibi wa Tanuri. Jina lake halisi silitaji kwa sababu alinikataza. "Ukiniandika, usiniandike jina," alisema. "Vitako vyangu havina jina langu, na wewe usiniweke."

Maneno hayo ya vitako nitayafikia. Kwanza niseme kazi yake.

Maisha yake yote ya ajira alitengeneza meno ya bandia. Hakuwa daktari. Alikuwa fundi wa chumba cha nyuma, yule ambaye mgonjwa hamwoni, anayepokea umbo la mdomo wa mtu na kurudisha jino la kauri lenye rangi sawasawa na wenzake. Alipostaafu alitoka na miwani ya kukuzia, brashi zenye nywele tatu tatu, na mikono isiyojua kukaa bure. Akagundua kwamba kauri ya jino na kauri ya mavasi ya wafalme wa China ni watu wa ukoo mmoja. Zote nyeupe, zote hupakwa rangi ya unga, zote hutiwa motoni. "Jino ni vasi dogo," alisema. "Tofauti yake, vasi halilalamiki."

Basi akaanza kunakili mavasi ya wafalme. Hakufinyanga mwenyewe. Mavasi yalimjia meupe, matupu, ndani ya maboksi, kutoka hukohuko China, na yeye akayavisha: maua ya waridi na mapera, popo wa bahati, majoka yenye kucha tano ambazo zamani mfalme peke yake aliruhusiwa kuwa nazo. Alichora kutoka kwenye picha za vitabu, akachoma, akachora tena juu yake, akachoma tena, hata mara tano. Sokoni Mutrah yamejaa mavasi yaliyobandikwa maua kwa mashine, na alipopita mbele yake alijifunika mtandio puani kama mtu anayepita penye jalala.

Rangi alizichanganya na mafuta ya karafuu. Watu wakiingia kwake walivuta hewa na kusema, "Aa, Unguja!" Yeye akawakata hapohapo: "Unguja gani? Hiyo dawa ya jino."

Mambo ya watu aliyajua kwa meno yao, na humo nilimwona akiwa na furaha isiyo na mfano. Siku moja tulikuwa dukani kununua samaki. Bwana mmoja mwenye kilemba kizuri na fimbo alikuwa akimfokea muuzaji kwamba samaki si wa leo. Bibi akasimama, akamkodolea macho, uso umemnawiri.

"Langu lile," akaninong'oneza.

"Lipi lako, Bibi?"

"La juu, la pili kulia. Tazama anavofoka! Halitikisiki."

Yule bwana akahisi anatazamwa, akageuka, akakutana na tabasamu la bikizee asiyemjua. Akamnunua samaki yule yule. Nje nilimuuliza kwa nini hakumwambia. Alinitazama kama niliyetukana. "Mdomo wa mtu ni amana," akasema. "Kumsitiri mtu kuna thawabu."

Na mtu huyu mwenye meno katika nusu ya midomo ya Maskati, yeye mwenyewe alikuwa na pengo. La mbele, la juu, kushoto kidogo, pana kiasi cha kupitisha tende. Mama alipomuuliza kwa nini hajitengenezei, alijibu, "Mfinyanzi hulia gaeni," na kwake haikuwa methali tu. Mezani palisimama vasi la waridi lililochukua miezi miwili, na kando yake kikombe cha plastiki kilichoungua ukingo, ndicho alichonywea kahawa.

Alichukia uongo. Alimrudisha dereva wa teksi nyuma mtaa mzima kwa sababu alisema "dakika mbili" zikawa sita. Halafu akaingia ndani kuendelea kutengeneza vasi la mfalme aliyekufa zamani. Mimi, ambaye kazi yangu ofisini ni kukagua fomu za watu kama wamejaza kila kisanduku, jambo hilo lilinikosesha raha. Nikamwuliza: meno ya bandia, mavasi ya bandia, na uongo hutaki?

Akaweka brashi chini. "Sikiliza. Jino lina mwenyewe wa kusitiriwa. Vasi halina. Jino likisema 'mimi bandia,' limemvunjia mtu heshima. Vasi likinyamaza, limemwibia mtu. Kwa hivo jino nalifunga mdomo, vasi nalitia maneno."

Maneno yenyewe aliyaandika kitakoni. Vasi la kweli la kifalme, ukiligeuza, chini lina muhuri wa enzi ya mfalme, maandishi ya Kichina yaliyopangwa katika mraba. Bibi hakuunakili muhuri huo hata mara moja. Katika mraba uleule, kwa rangi ileile, aliandika maneno ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofundishwa chuoni kwa mwalimu wa Kurani utotoni, ameyabana na kuyakunja hata kwa mbali ungesema ni Kichina. Na maneno yenyewe yalikuwa kama ya kanga. *Baba China, mama Darsait.* Au: *Usinisifie uzee, sijafika.* Kila vasi na lake, kwa jinsi alivyomwona anayelinunua.

Bwana mmoja tajiri alimwomba amwandikie muhuri wa kweli, na alioshe vasi kwa chai lionekane la kale, apate kuwaonyesha wageni. Bibi akasema inshallah. Inshallah ile ningekuwa mimi ningeiogopa. Tulipompelekea vasi, yeye na mimi, sebuleni kulikuwa na wageni wake, na mama mkwe wake amekaa pembeni, mzee wa Kiunguja anayesinzia. Bwana akaligeuza vasi kwa madaha. Kiarabu alikisoma kama maji. Kiswahili hakujua hata neno. Akaona herufi, akashangaa, na kwa kuwa wageni walikuwa wanamtazama ikabidi asome. Akasoma kwa sauti ya khatibu, polepole, neno kwa neno: "Mwongo. Ni. Anayenisifu."

Yule mzee akafumbua jicho moja. Mabega yakaanza kutikisika. Akajifunika uso kwa mtandio.

"Maana yake nini?" bwana akauliza.

"Ni hekima ya kale," akasema mama mkwe, machozi yanamtoka. "Liweke palepale kila mtu alione."

Tulipotoka Bibi hakucheka hata kidogo. Alisema tu kwamba yule mzee ana meno yake yote, mashaallah.

Sasa nije kwangu, maana haya yote nayaandika kwa sababu ya aibu yangu.

Kuchora kauri nilijifunza mwenyewe, kwa simu, nikiwa nimejifungia chumbani. Siku nilipopata ujasiri nilimpelekea kisahani chenye ua moja. Akakigeuza upande wa chini kwanza, kama kawaida yake. Hakukuwa na kitu. Akalitazama ua. "Nani kakufundisha?"

"Simu, Bibi."

"Iambie simu ipunguze mafuta." Kisha akasogeza kiti kingine karibu na meza, na mimi nikakikalia miaka mitano.

Kanuni zake zilikuwa chache. Rangi ilinganishwe mchana, karibu na dirisha, na usiikodolee: "Itazame kama unavomtazama mume wa watu. Mara moja, ushushe macho." Tanuri lisifunguliwe mpaka uweze kuweka kiganja juu ya mfuniko na kusoma Alhamdu taratibu hadi mwisho. Siku moja nilishindwa kungoja. Niliweka kiganja, nikaisoma Alhamdu yote kwa pumzi moja, nikafungua. Kauri ililia *tii*, sauti nyembamba kabisa, na vasi likapasuka kutoka shingoni hadi tumboni.

"Hiyo ilikuwa Alhamdu ya mtu anayekimbilia basi," Bibi akasema kutoka chumba cha pili, bila kuinuka.

Na kanuni ya mwisho: kitako huandikwa mwisho. Maadamu kitako ni kitupu, kazi bado, unaweza kuirudia. Ukishaandika na kuchoma, khalas, hugusi tena. Linatoka.

Mimi sikuwahi kuandika kitako. Nitalisema wazi: katika miaka mitano nilikuwa na mavasi kumi na moja, na vitako vyote vitupu. Kila nilipofika mwisho niliona ukucha mmoja umepinda, au jani moja limezidi wenzake, nikapaka tena juu yake, nikachoma, nikaona kingine. Majoka yangu yalinenepa kwa rangi. Lilikuwapo moja ambalo Bibi aliliita "mheshimiwa," kwa tumbo lake. Usiku nikilala niliwaza kucha. Ofisini nilirudisha fomu ya mtu kwa sababu nukta yake ilikuwa nje ya kisanduku. Meno nilisaga kweli.

"Mjukuu wangu," aliniambia mara moja, "jino likiwa zuri kuliko wenzake, kila mtu hujua ni la uongo. Nilikuwa natia doa la makusudi. Kidogo tu. Doa ndilo linalolifanya lipate wenzake."

Nikaitikia, nikarudi kukwangua ukucha.

Aibu kubwa kuliko zote lakini ni ya mwezi. Nilikuwa nanakili vasi la manjano la kifalme, joka la kijani kati ya mawingu, kutoka kwenye picha niliyoipata simuni. Begani mwa joka, picha ilionyesha duara jeupe lenye ukungu pembezoni. Nikaona: mwezi! Uzuri ulioje, joka limebeba mwezi. Nilikaa siku tisa juu ya mwezi ule. Manjano niliyafifisha taratibu kuuzunguka, mpaka ukawa kama unatoa nuru. Nikalichoma Bibi akiwa kwa mwanawe, mtaa wa Ansab, nipate kumshangaza.

Akarudi. Akageuza kitako: kitupu. Akageuza juu.

"Na hiki nini?"

"Mwezi, Bibi."

"Hebu lete picha."

Akavaa ile miwani ya kukuzia meno. Akaitazama picha, akalitazama vasi, akaenda dirishani na simu, akarudi. Akaketi kwa uangalifu kama mtu anayebeba maji.

"Mwanangu. Hii taa."

"Taa?"

"Taa ya mpiga picha. Imemulika kauri, kauri ikang'aa. Siku tisa umechora *taa*."

Kisha akacheka. Sijawahi kumwona mtu akicheka vile. Alishika meza, pengo lote likaonekana, mafuta ya karafuu yakamwagika. Kelele zikamleta Kioko, Mkenya anayelinda jengo letu, ambaye kwa kawaida aliingia kwa sababu moja tu.

"Mama, stima imeenda tena? Mbona kwangu iko?"

Maana tanuri lile lilikuwa na tabia ya kuzima umeme wa jengo zima, na Kioko ndiye aliyeteremshiwa matusi ya ghorofa zote nne. "Mama, si uoke mkate kama watu wengine?" alimwuliza zamani, na Bibi akamjibu, "Kioko, mwanangu, naoka joka." Tangu hapo wapangaji wakilalamika aliwaambia tu kwamba ni joka la Mama limelala kwenye waya, na tukakubaliana kuchoma Ijumaa adhuhuri, watu wakiwa msikitini na fundi cherehani amefunga.

Siku hiyo Kioko aliliona vasi mezani. Akasahau stima. "Wueh! Hii yenye mwezi ndiyo kali. Hizo zingine ni sawa, lakini hii... Madam, wewe ndiye umechora? Siku ukiiuza uniambie kwanza. Nataka kumpelekea mama yangu Machakos."

"Hiyo haiuzwi," nikasema. "Ni makosa." Na nikaichukua brashi na rangi ya manjano niufunike mwezi hapohapo.

Bibi akalinyakua vasi, akaliingiza chumbani kwake, akalifungia kabatini na nguo zake. "Likitoka humu," akasema, "linatoka kwa sababu limeandikwa kitako."

Lilikaa kabatini miaka miwili.

Kisha mikono yake ikaanza kutetemeka. Haikuanza kwa kishindo. Kwanza kahawa ilimwagika katika kile kikombe cha plastiki, halafu popo mmoja wa bahati akatoka na mabawa matatu. Alimtazama popo yule muda mrefu. "Huyu kabahatika kuliko wenzake," akasema, akaosha brashi zake zote, akazifunga katika kitambaa. Mwanawe akaja na gari kumhamishia Ansab.

Siku ya kuhama aliniita. Mpwa wake mwenye gereji Wadi Kabir alikuwa amesimama tayari mlangoni na kamba, analitazama tanuri. Alitaka kuokea rangi vishikio vya milango ya magari.

"Ngoja wewe," Bibi akamwambia. Kisha kwangu: "Chumba hiki changu mpaka mwisho wa mwezi wa Shaabani. Tanuri nampa mtu wa kazi. Mtu wa kazi ni mtu aliyepata kumkabidhi mtu kitu. Kabla ya mwisho wa Shaabani ukimkabidhi mtu kitu kimoja, chochote, ambacho huwezi kukirudia, tanuri lako. Usipomkabidhi, yeye atakuja na kamba yake."

"Kitu gani, Bibi?"

"Chochote! Hata kisahani cha ua!"

Akanipa ufunguo wa kabati lenye vasi la mwezi. Mama alishasema tanuri litakaa verandani kwetu, kwamba afadhali kuishi na tanuri kuliko na binti anayekagua jiko mara tano. Kilichobaki kilikuwa mimi.

Shaabani ikaingia. Nikalitoa vasi la mwezi, nikachovya brashi, nikaligeuza kitako juu, mkono ukagoma. Nikaona mtu huko Machakos amekaa, anaitazama taa yangu. Wiki ya kwanza ikapita. Ya pili. Zilipobaki siku sita nilipanda teksi kwenda Ansab kuomba aniongezee muda. Nilikuwa nimeandika sababu zangu kwenye karatasi, kwa nukta.

Nilimkuta katika sebule nyeupe, makochi meupe, amekaa kama mtu anayengoja kuitwa na daktari. Nilisema, "Sabalkheri, Bibi." Hakujibu. Alikuwa amefunga mdomo kwa nguvu. Alingoja mke wa mwanawe atoke kwenda jikoni, ndipo akaufungua.

Pengo halikuwapo. Mahali pake palikuwa na meno mapya matatu, moja la kuziba pengo na mawili ya pembeni yaliyovikwa juu ya meno yake kama kofia. Meupe, jamani. Meupe kuliko makochi.

"Wamenitia choo cha hoteli mdomoni," akasema. "Kwa ajili ya harusi ya mjukuu. Ati nionekane vizuri kwenye picha. Mie nliyewatia watu meno umri mzima!"

Nilitafuta neno la kumfariji. "Yamenyooka, Bibi."

"Taa yako ya siku tisa pia ilinyooka." Akatazama mlango wa jikoni. Kisha akaingiza uzi mdomoni, akauvuta mara moja, kwa ufundi ambao mtetemeko haukuugusa, na meno matatu yakatoka katika kiganja chake, yameshikana. "Daktari kayagandisha kwa muda, niyajaribu. Ni kauri tupu. Rangi zangu za meno zimo katika kopo la halwa, chini ya meza kule Darsait, na karatasi ya kiasi cha moto wake imo ndani. Tazama wenzake." Akaniachamia karibu na dirisha. "Mara moja tu! Ushushe macho!"

Nikatazama mara moja. Manjano ya kahawa ya miaka, kijivu kidogo ukingoni, na mstari mmoja mwembamba wa hudhurungi. Nikashusha macho.

"Bibi, mimi siwezi. Nikiharibu?"

"Harusi Alhamisi. Basi nitakwenda na pengo, na mkwe wangu atalia." Akayafunga katika leso, akanitia mkononi. Ile karatasi yangu yenye nukta sikuitoa.

Kabla ya harusi hapakuwa na Ijumaa, kwa hivyo Jumatatu nilimwomba Kioko ruhusa ya kuzima jengo mchana. Meno matatu, nimeshayapaka rangi, niliyasimamisha katikati ya tanuri lile kubwa, yakaonekana kama mgeni mmoja katika ukumbi wa harusi. Kioko akachungulia.

"Madam, hiyo ni nini?"

"Meno."

Akarudi nyuma hatua mbili. "Ya nani?"

"Ya Mama."

Akafikiri. "Amejua?"

Yalipotoka, nilikuwa nimeisoma Alhamdu taratibu kama maamuma nyuma ya imamu mzee. Nikayapeleka dirishani. Rangi ilikuwa imekaa. Lakini ule mstari wa hudhurungi wa kushoto, nikaona umezidi kidogo. Unywele. Mkono wangu ulishafika kwenye brashi ndipo nilipokumbuka doa lake la makusudi. Nilisimama pale na brashi kwa muda nisioutaja. Kisha badala ya mbele nikayageuza nyuma, upande wa ulimi, mahali ambapo hakuna mtu ataona, nikaweka alama moja ndogo kwa rangi nyeupe. Nikachoma mara ya mwisho. Nikatoka na leso mkononi kabla sijapata wazo jingine.

Kule Ansab, Bibi aliyavaa akinipa mgongo. Akageuka. Sikuona kitu. Hilo ndilo ninalotaka kusema: nilitazama na sikuona kitu, nikaona Bibi tu, kama aliyezaliwa hivyo na kunywa kahawa hivyo.

Mke wa mwanawe akaingia na birika na halwa. Akamimina, akasita, akamtazama mkwe wake.

"Mama, leo umependeza. Umepaka wanja?"

"Nimelala vyema," Bibi akasema, akamcheka meno yote nje.

Binti wa watu akatabasamu, akaondoka na sinia. Hakuona. Katika maisha yangu sijafanya kazi nzuri kuliko ile, na hakuna mtu aliyeiona, na nilikuta machozi yananitoka juu ya halwa.

"Usilie, utaitia chumvi," Bibi akasema. Shavu lake likasogea. Ulimi ulikuwa unatafuta. "Huku nyuma kuna kitu."

"Ndiyo, Bibi."

"Umeandika kitako?"

"Hapakutosha maneno. Nimechora mwezi."

Ulimi ukapita tena, polepole. Hakucheka. Akachukua simu yake, akampigia mpwa wake wa Wadi Kabir, akamwambia maneno manne: "Usije. Tanuri lina mwenyewe." Akakata kabla hajajibiwa. Nikainuka nimbusu mkono, akauchomoa. "Na lile la kabatini? Bado li uchi chini."

Nilirudi Darsait jua halijatua. Nikaligeuza vasi la mwezi, nikaandika katika mraba kwa herufi zilezile za chuoni, zangu zikiwa zimepinda kuliko zake: *Kosa la taa, si langu.* Nikalichoma. Wiki ile Kioko alikuwa anakwenda likizo. Nikamkabidhi vasi mlangoni, limefungwa katika sweta lake mwenyewe.

Akaligeuza. "Imeandikwa nini hapa? Ni ya dini?"

"Hapana."

"Sawa basi," akasema, akalikumbatia, akapanda teksi ya uwanja wa ndege. Nilisimama mpaka ikakata kona. Nilijizuia kuikimbilia kwa kushika nguzo.

Kisha nikampigia Bibi.

"Liko wapi?" akauliza, bila salamu.

Nikatazama juu. "Angani, Bibi. Au karibu. Linakwenda Kenya."

"Alhamdulillahi," akasema, na hii aliisema taratibu. "Huko hulifikii na brashi yako."